Kutoka Voi Hadi Gigiri Kumthibitisha Baba

Treni ya kutoka Mombasa iliingia stesheni ya Voi asubuhi, nami nikapanda nikiwa nimekumbatia bahasha ya kaki. Sikuwa nimewahi kufika Nairobi. Ndani ya bahasha mlikuwa na pasipoti mpya, cheti cha kuzaliwa na nakala ya barua ambayo idara ya uhamiaji ya Marekani ilimwandikia baba. Yeye sasa ni raia wa huko, na alikuwa amejaza fomu yao ya I-130 kuniombea nihamie kwake, mimi bintiye mtu mzima ambaye hajaolewa. Idara ikamjibu: thibitisha kwamba huyu ni mwanao.

Kwetu Taita hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Nilipewa jina la mama yake baba, na wazee wa pande zote mbili walikaa wakala, wakanywa, wakaelewana. Harusi haikufungwa, lakini sikukua nikiitwa mtoto asiye na baba. Serikali ndiyo iliyoniacha bila baba kwenye karatasi. Nilipozaliwa, kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilikataza kuandika jina la baba ambaye hajamwoa mama, isipokuwa wazazi wote wawili waombe kwa pamoja. Mama alikwenda kwa msajili peke yake, na nafasi ya baba ikapigwa mistari. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na ndipo nilipopata cheti chenye majina yote mawili. Tulisherehekea. Kumbe cheti kinachotolewa mtu akiwa ameshakua ndicho hasa maafisa wa uhamiaji hukitilia shaka.

Tsavo ilinisahaulisha bahasha kwa muda. Tembo walikuwa wekundu kwa vumbi la ardhi ile, wengine wakipita chini ya reli kwenye vivuko walivyojengewa. Nilisimama dirishani mpaka mzee mmoja akaniambia, "Keti, mwanangu, Nairobi haikimbii." Mchana tukashuka Syokimau. Baridi ya Julai ilinipokea mlangoni, nami nimevaa blauzi ya Voi! Nikapanda treni nyingine hadi mjini, halafu matatu ya Umoja iliyopiga muziki kwa nguvu kiasi kwamba nililipa nauli kwa kuonyesha vidole. Shangazi, dada yake baba, alikuwa akinisubiri kituoni na sweta mkononi.

Jioni ile ndiyo iliyonifungua macho. Nilidhani nimekuja kutoa DNA tu, nirudi nyumbani. Shangazi akavaa miwani, akaisoma barua taratibu, aya kwa aya, kisha akanionyesha kwamba wanataka mambo mawili. La kwanza ni kipimo. La pili lilinishtua zaidi. Kwa kuwa baba hakumwoa mama, damu peke yake haitoshi. Ni lazima aonyeshe kwamba alikuwa mzazi kwa vitendo, kwamba alinijali na kunishughulikia, na kwamba alifanya hivyo kabla sijatimiza miaka 21.

"Hilo tunaliweza," shangazi akasema, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda.

Humo mlikuwa na utoto wangu wote. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea fedha za baba, na hakutupa hata karatasi moja. Stakabadhi za benki za karo yangu ya sekondari alizifunga kwa mpira, muhula kwa muhula. Nyingine wino wake ulikuwa umefifia, ikabidi tuziinamishe kwenye taa ndipo tuone tarehe. Kulikuwa na barua za baba zenye mihuri ya posta, picha yake amenibeba siku ya ubatizo wangu, na ripoti ya darasa la sita aliyoitia sahihi alipokuja likizo. Baba naye alikuwa amehifadhi nakala za fomu zake za visa ya bahati nasibu, na jina langu limo kwenye orodha ya watoto. Sikuwahi kujua kwamba yule mtu wa kwenye simu alinilea kwa wingi kiasi hicho. Nililia, na shangazi akaniacha nilie.

Asubuhi tulikwenda Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani. Kule miti ni mingi na kelele hakuna, huwezi kuamini ni Nairobi ileile. Shangazi hakuruhusiwa kuingia ubalozini. Aliudhika sana, kwa sababu kwetu shangazi ndiye shahidi wa kwanza wa mtoto wa kaka yake. Nilimwachia simu, nikakaguliwa, nikaketi, nikaitwa.

Vifaa vya kuchukulia DNA vilikuwa vimetumwa ubalozini moja kwa moja na maabara ya Marekani yenye kibali cha chama kiitwacho AABB, bila kupitia mkononi mwangu wala mwa baba. Walitazama pasipoti, wakanipiga picha. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa sweta nikingoja sindano. Mhudumu akaniambia nifungue kinywa, akasugua ndani ya mashavu kwa vijiti vyenye pamba nchani, akavifunga kwenye bahasha na kuitia lakiri. Basi! Baba alikuwa ameshafanya vivyo hivyo kule aliko. Maabara huviweka vipimo viwili pamoja na kutazama vinavyooana, jinsi fundi anavyojua kwamba vipande viwili vya kitambaa vimekatwa kwenye jora moja. Ili wakubali, uhakika usipungue asilimia 99.5.

Kabla sijarudi Voi tulitoa nakala ya kila karatasi, na shangazi akaapa mbele ya wakili kwamba anajua nilivyozaliwa na nani alinisomesha. Tukatuma kila kitu kwa baba. Majibu ya maabara yalipelekwa moja kwa moja kwa maafisa, yakatukubali, na baadaye ombi likapita. Sasa niko kwenye foleni ya visa, na foleni hiyo ni ya miaka. Nikiolewa kabla ya zamu yangu nitahamishiwa foleni nyingine, iliyo ndefu zaidi.

Ninyi akina baba mlio ughaibuni, mwandikeni mtoto kwenye kila fomu inayouliza watoto wenu, hata kama mama yake hamkumwoa. Tumeni karo kwa njia inayoacha stakabadhi yenye jina lenu, na mwombeni mtu mmoja nyumbani azitunze. DNA inaweza kupimwa wakati wowote. Ushahidi wa malezi hauwezi kutengenezwa mtoto akishapita miaka 21.