Bei ya Shoki na Barabara ya Port Victoria

Mtu asiyemiliki gari huenda akadhani kwamba barabara ni ile ile kwa kila aipitaye. Sivyo hata kidogo. Barabara itokayo Port Victoria hadi Kisumu ni moja kwenye ramani, lakini dereva aliyeketi kitako akishika usukani huipita kwa namna yake, na mgonjwa aliyelazwa kiti cha nyuma akiwa na mguu uliovunjika huipita kwa namna nyingine kabisa. Kati ya mgonjwa huyo na mashimo ya barabara pana mabomba manne ya chuma yenye mafuta ndani, ambayo aghalabu hakuna ayafikiriaye mpaka siku yanapokufa.

Mabomba hayo katika Kiswahili cha vitabu huitwa shokomzoba. Gereji za Kisumu hazina subira na jina refu kiasi hicho. Huko husemwa shoki. Ukivuka mpaka pale Isebania ukaingia Tanzania, utasikia shokapu. Kisha lipo neno strati, na hapo ndipo pesa za watu hupotea, maana maduka mengi hulitumia kwa shoki yoyote ya mbele. Strati ya kweli, ile iliyobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, hubeba springi, hulishika gurudumu kwa upande wa juu na huzunguka pamoja nalo dereva anapokata kona. Imo katika magari mengi madogo, na hata katika Toyota RAV4. Shoki ya kawaida haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuituliza springi tu. Kwa hiyo anayeingia dukani akiomba "strati za Prado" bila kujua anachokitaja amejiweka mikononi mwa muuzaji, na wauzaji hawafanani.

Muuguzi mmoja mstaafu, mkazi wa vijiji vya karibu na Port Victoria, aliingia dukani namna hiyo. Gari lake ni Land Cruiser Prado ya mwaka 1998, ya ule mkondo uliotengenezwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2002. Kijijini gari hilo si fahari. Ni ambulensi isiyokuwa na king'ora. Mto Nzoia huingia ziwani karibu na hapo, na mvua zinapozidi nyanda za Budalang'i hugeuka maji, kama ilivyotokea mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipopanda na kumeza nyumba za ufuoni. Katika siku kama hizo pikipiki haifai kwa mgonjwa. Hodi hupigwa usiku mlangoni kwa Sista, kwani hivyo ndivyo wauguzi waitwavyo Kenya nzima, naye huwasha gari: Bumala, Ugunja, Yala, Maseno palipo na mstari wa Ikweta, kisha mteremko wa kuingia Kisumu hadi hospitali kuu ya rufaa ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia kwa sababu Wasovieti ndio walioijenga. Ni safari ya zaidi ya kilomita mia moja. Majirani huchangia mafuta. Shoki hununuliwa kwa pensheni yake.

Uamuzi wa kuzibadilisha haukutokana na ushauri wa fundi. Mama mmoja mjamzito aliyekuwa akipelekwa Kisumu aliomba mara mbili gari lisimamishwe, na mara zote mbili barabara ilikuwa lami nzuri. Gari lilikuwa likipita tuta moja na kuendelea kudunda mithili ya mtumbwi uliopitwa na meli. Sista, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewasikiliza watu wakieleza maumivu yao, alitambua kwamba haya hayakuwa maumivu ya uchungu wa uzazi peke yake.

Huko Kisumu alitajiwa bei nne katika asubuhi moja, na tofauti baina ya ya chini kabisa na ya juu kabisa ilikuwa ya kumfanya mtu aketi chini. Ya kwanza ilikuwa ya shoki zilizofufuliwa. Hizi ni shoki kuukuu ambazo mafundi huzitoboa, wakazijaza mafuta, wakaziba tundu kwa kulehemu na kuzipaka rangi nyeusi inayometa. Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, nao hawakuwa wameiona rangi hiyo. Vali za ndani zilizolika hubaki zilizolika, mpira wa kuzuia mafuta ni ule ule uliochakaa, na gesi iliyotoroka hairudi. Bei ya pili ilikuwa ya mitumba ya Japani, iliyong'olewa katika magari yaliyokatwakatwa huko. Mitumba hii si ya kudharauliwa, kwani barabara za Japani ni laini na shoki huweza kufika hapa ingali na uhai. Ila mnunuzi hana njia ya kujua imetembea kilomita ngapi. Ya tatu ilikuwa ya shoki mpya za kawaida za kiwanda kinachojulikana, na Wakenya wengi wakisema hivyo huwa na maana ya Kayaba, kampuni ya Kijapani ambayo mwanzo wake ni karakana iliyofunguliwa na Shiro Kayaba mwaka 1919. Ya nne ilikuwa ya shoki nzito za safari za nyika, mfano wa zile za Old Man Emu kutoka Australia.

Kijana wa dukani alimshauri achukue hizo za nne. "Mama, hizi ni za rali," alisema. "Ngumu kama jiwe."

Neno rali lina uzito katika pembe hii ya nchi. Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 kwa gari la Volvo kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alizaliwa Kericho, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu. Wengi waliokua wakisimama kando ya barabara kuyatazama magari yale wangali wanaamini kwamba kilicho kigumu ndicho kilicho bora. Wanachosahau ni kwamba gari la rali husubiriwa na mafundi njiani na kubadilishiwa vyuma kabla havijalalamika, na kwamba waliomo ndani yake ni watu wawili wazima waliofungwa mikanda, si mama mwenye uchungu.

Ugumu wa shoki maana yake ni nini hasa? Springi ikibanwa hutaka kurudi, na ikirudi hupitiliza, ikabanwa tena, hivyo hivyo. Shoki huukatiza mchezo huo kwa kuyalazimisha mafuta yapite katika vitundu vidogo vya vali. Nguvu ya kudunda inageuka joto na kupotea hewani. Vitundu vikiwa vyembamba mno kwa uzito uliopo, gurudumu hushindwa kupanda na kushuka upesi, na kila kijiwe kinafika mgongoni mwa abiria. Shoki iliyopangiwa gari lenye tangi la ziada la mafuta, hema juu ya paa na bamba la chuma mbele humtesa mtu anayeiendesha Prado ikiwa tupu siku nne kati ya tano.

Sista hakununua kitu asubuhi hiyo. Alilipeleka gari kwa fundi mmoja wa upande wa Kibuye, Mjaluo wa makamo, na kwa kuwa yeye mwenyewe ni Mnyala, wakazungumza Kiswahili. Fundi hakuuliza habari za pesa.

"Sista, gari hili hubeba nini kila siku? Si siku ya harusi. Kila siku."

"Mimi peke yangu, na mboga za soko. Mgonjwa na watu wake wawili, labda mara moja kwa juma."

Fundi aliinama, akapima kwa utepe kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, nyuma kushoto na nyuma kulia. Upande mmoja ulikuwa umeshuka kuliko mwingine. Kisha akaingia chini ya gari akiwa na nondo, akazisukuma bushi moja baada ya nyingine. Alipotoka alisema kwamba shoki za nyuma zinavuja, hilo ni kweli, lakini springi za nyuma nazo zimelala na bushi mbili zimekwisha. Lau angefunga shoki za bei ya juu juu ya springi zilizolala, zingefanya kazi zikiwa nusu zimebanwa tayari, zikigonga mwisho wa safari yake katika kila shimo, na katika miezi michache zingekuwa zinavuja kama hizi.

Hapa ndipo hesabu ya bei ilipogeuka. Swali halikuwa tena shoki ipi, bali pesa zigawanywe vipi. Bei za spea hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme shoki mpya ya kawaida ni shilingi 9,000 na iliyofufuliwa ni 3,000. Ikiwa ile ya kwanza itatembea kilomita 60,000 na ya pili 8,000, basi ya kwanza inagharimu senti 15 kwa kilomita na ya pili karibu senti 38. Na bado hatujamlipa fundi, ambaye hulipwa kila mara anapofungua nati zile zile. Tairi pia humo katika hesabu: gurudumu linalorukaruka hulika kwa mabonde mabonde, na tairi moja ya Prado huweza kuzidi bei ya shoki mbili. Anayehesabu kwa risiti ya dukani pekee anahesabu nusu.

Lilibaki suala la aina. Fundi alimwonyesha shoki mbili zilizokatwa katikati, alizozihifadhi kwa ajili ya wateja wabishi. Moja ilikuwa ya bomba moja lenye gesi ya naitrojeni kwa shinikizo kubwa, ubunifu wa Mfaransa Bourcier de Carbon wa miaka ya 1950. Hii hupoa haraka na mafuta yake hayafanyi povu hata barabara ikiwa na vituta vidogo vidogo kama bati kwa kilomita nyingi. Ya pili ilikuwa na bomba ndani ya bomba. Huchoka mapema ikichemka, lakini jiwe likirushwa na gurudumu na kubonyeza ganda la nje, la ndani linaendelea na kazi. Kwenye ile ya bomba moja, pistoni hukwaruza ukuta wenyewe, na mbonyeo mmoja waweza kuwa ndio mwisho wake. Njia ya Sista ina lami sehemu kubwa na changarawe mwishoni. Hachemshi mafuta kwa saa sita jangwani. Bomba mbili zenye gesi ya shinikizo dogo zilimtosha. Hapakuwa na haja ya kuilipia sifa ambayo barabara yake haitaiomba.

Basi akanunua shoki nne za kawaida, springi mbili mpya za nyuma za uzito uliopangwa na kiwanda, na bushi. Jumla ilikuwa chini ya bei ya zile shoki za rali peke yake. Kabla ya kulipa alifuata maagizo ya fundi: hakuomba "za Prado", alitoa namba ya chesisi ili namba ya spea itafutwe kwenye katalogi, maana Prado ya petroli na ya dizeli hazilingani uzito kwa mbele. Alilinganisha namba iliyo kwenye boksi na ile iliyogongwa kwenye bomba lenyewe. Aliipitisha kucha kwenye fimbo ya kromu kuona kama ina mikwaruzo. Sheria dhidi ya bidhaa ghushi ilipitishwa nchini mwaka 2008 na ipo mamlaka ya kuisimamia, lakini mamlaka haisimami kwenye kaunta ya kila duka. Mbili kati ya boksi alizoonyeshwa kwanza zilikuwa na namba mbili tofauti. Alizirudisha bila ugomvi na kwenda duka la tatu.

Kazi ya kufunga ilichukua siku nzima. Shoki za mbele za gari hili hupita katikati ya springi, na springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Fundi aliwafukuza vijana waliokuwa wakitazama kabla ya kuilegeza. Bolti za bushi hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Aliliteremsha kwanza, likakaa kwa uzito wake, ndipo akazikaza, kwa sababu mpira ukifungwa gari likiwa linaning'inia hubaki umejipinda siku zote na hukatika mapema. Baadaye gari lilipelekwa kupimwa ulinganifu wa magurudumu.

Jioni, kijana wa gereji alikuwa amekwisha kuzikusanya shoki kuukuu na kuziweka kando ya mlango, palipokuwa na nyingine. Sista aliuliza zinakwenda wapi. Fundi akacheka kidogo, asijibu.

"Nitiliee kwenye buti, mwanangu," alisema. "Zote nne."