Jahazi la Magunzi

Tulipohamia Bokoli, katika Kaunti ya Bungoma, tulibeba majamvi, birika la kahawa na mbuzi ya nazi. Hatukukumbuka kwamba huko hakuna minazi. Tulikuta mahindi, miwa, na kwa mbali Mlima Elgon umejificha mawinguni. Baridi ya usiku ilituingia mifupani.

Aliyeumia zaidi ni binti yetu wa miaka minane. Kwa wiki tatu alikula kidogo, hakucheza na mtu, na kila jioni aliuliza siku ya kurudi Lamu. Nasi wazazi tulimkemea, tukidhani subira hufunzwa kwa ukali. Hilo tunalijutia.

Baada ya mavuno tulimkuta nyuma ya nyumba pamoja na watoto wa jirani. Walikuwa wamekusanya magunzi, mabua, vizibo vya soda na kandambili kuukuu, wanaunda jahazi. Yeye ndiye fundi: akawaonyesha mkuku, mlingoti na foromali. Tanga lilikuwa gunia la mbolea. Mmoja wao, ambaye hajaiona bahari, alishikilia kwamba chombo hakiwezi kusafiri bila ghala la mahindi, akalijenga hapo katikati. Binti yetu akacheka. Tulikuwa hatujasikia kicheko chake tangu tufike.

Usiku tulimsimulia habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa kwao Lamu kwa taka za plastiki na kandambili, likazinduliwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Akasema lao lina ghala, la Lamu halina.

Alfajiri mvua ilikwisha kulibomoa. Tulijiandaa kwa kilio. Yeye aliokota magunzi yaliyolowa, akampelekea bibi wa jirani ayaanike yawe kuni, akapiga hodi kwa salamu ya huko: “Mulembe!” Maana yake ni amani, nasi tukaona jinsi inavyokaribiana na salamu yetu. Bibi alimrudisha na kikapu cha viazi vitamu.

Juma hili wanajenga nyumba ya udongo na mabua, yenye baraza mbele kama zetu za pwani. Hiyo nayo mvua itaichukua. Wazazi wenzetu mnaohama na watoto, waacheni waokote na wajenge. Kisha kaeni karibu, msikilize wanachokisema mikono ikiwa kazini.