Ukuta Hauna Masikio

Kwetu Magwagwa mbwa hasafiri. Analinda boma, anakula ukoko wa ugali, anazeeka, basi. Kwa hivyo Tata alipotangaza kwamba Simba anaenda nasi Thimlich Ohinga, Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. (Kwa Ekegusii baba ni tata, na mama ndiye baba. Usichanganyikiwe.)

Tata hakuwa anatania. Wiki mbili kabla, mtu alikuwa ametupa nyama yenye sumu nyuma ya zizi letu. Kijijini kila mtu anajua maana yake: ukitaka ng'ombe, unaanza na mbwa. Simba aliponea chupuchupu, kwa maziwa na sindano za daktari wa mifugo. Baba mdogo angekuja kushinda na ng'ombe siku hiyo, lakini dawa Simba alimeza kutoka mkono mmoja tu, wa Tata.

Safari yenyewe ilikuwa wazo lake. Tata ni fundi wa mawe, miaka thelathini kwa mjengo, na alikuwa amesikia redioni kuhusu kuta zisizo na simiti. Mimi nilichukuliwa kwa sababu "niko tu nyumbani." Ndivyo watu wanavyonitaja tangu karo iishe nikiwa mwaka wa pili chuoni. Kuandika kwa laptopu si kazi wanayoiona. Tata hakuwahi kusema lolote kuhusu hilo, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko maneno ya majirani.

Tulienda na Probox ya kukodi: Nyamira, Kisii, Rongo, Rodi Kopany, halafu njia ya Ndhiwa. Simba alikaa buti, pua katikati ya viti.

Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori. Wataalamu wanakadiria kuta zilijengwa karne ya 16, na tangu 2018 ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni mawe makavu, hakuna udongo wa kuyashikanisha, na kuna mahali yanapita mita 4 kwenda juu. Ndani walikaa watu na mifugo yao. Ukifikiria, ni swali lile lile kila mahali. Mlima Elgon watu walilala mapangoni pamoja na ng'ombe. Huko Mesa Verde, Colorado, watu walijenga nyumba chini ya majabali zaidi ya miaka 700 iliyopita. Tutalala vipi leo usiku, na tuamke kila kitu kikiwepo? Mtu wa Magwagwa haulizi maana ya swali hilo.

Mama alibaki nje chini ya mti na Simba, kwa sababu ya magoti yake na kwa sababu mbwa hana kazi ndani ya makumbusho. Sisi tuliinama kupita langoni. Lango ni fupi makusudi: anayeingia anatanguliza kichwa, na aliye ndani anaamua la kufanya nacho.

Tulipopotea machoni pake, Simba akaanza kubweka. Sauti ilipita juu ya ukuta kana kwamba haupo.

"Hawa lazima walikuwa na mbwa," Tata akasema. "Ukuta hauna masikio."

Kisha akasahau kwamba mimi na yeye hatuongeagi. Akanionyesha: ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na katikati mawe madogo madogo yamejazwa kushika pande zote mbili. Akanionyesha jinsi jiwe linavyokalia maungio ya mawili yaliyo chini yake. "Ukikosea hapo, mvua moja tu." Alikuwa anaongea haraka, kama mtu aliyekutana na mafundi wenzake baada ya miaka mingi. Mimi nikatoa simu nikaanza kuandika.

"Hii utaandika?"

"Nikiipata vizuri, ndiyo."

"Wanakulipa?"

"Elfu nne."

Akapiga hesabu kichwani. "Siku tatu za fundi. Na wewe itakuchukua siku ngapi?"

"Wiki mbili hivi."

Alicheka. Sijui mara ya mwisho nilimchekesha ni lini. Halafu akaweka kiganja kwenye jiwe, akakiacha hapo.

"Mura, wiki mbili si nyingi. Hata mimi sipendi fundi wa haraka."

Nje, saa ya dawa ilikuwa imefika. Tata alificha kidonge ndani ya kipande cha chapati, Simba akameza bila kutafuna. Tulipokuwa tunaingia garini akanigeukia na agizo moja.

"Usiandike yamerundikwa. Watu wa mtandao watafikiri ni rundo. Andika yamepangwa."

Yamepangwa, Tata. Moja baada ya jingine, bila simiti, na bado yamesimama.