Hesabu Meno Kabla ya Kuchukua Mkopo

Wadau, leo tuongelee kitu kidogo kinachotoshea kiganjani: sproketi ya mbele. Kwenye steji nyingi kati ya Kitale na Bungoma utapewa ushauri ule ule: nduthi ikilemewa na mlima, iuze, uchukue mkopo, ununue yenye injini kubwa. Mimi napinga. Hesabu meno kwanza.

Nduthi yetu ni ya cc 100. Ndugu yangu anafanya nayo kazi kati ya Kimilili na Kapsokwony, miteremko ya Mlima Elgon. Akipakia abiria na gunia la viazi, gia ya pili inakataa, ya kwanza inanguruma tu, na klachi inaanza kunuka. Wasee wakamwambia akope. Lakini mkopo wa nduthi unataka doh kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na yeye ana watoto wa kulipia karo. Nikamwambia, ngoja kwanza.

Hesabu ni hii. Tuseme mbele una meno 15, nyuma 42. Gurudumu likizunguka mara moja, sproketi ya mbele inazunguka mara 2.8. Weka ya meno 14, inakuwa mara 3 kamili. Injini ni ile ile, lakini gurudumu linapata nguvu zaidi kwa kama asilimia 7. Unalipia kwa spidi: pale ulipokuwa unaenda kilomita 60 kwa saa, injini ikilia vile vile sasa unapata 56.

Halafu kuna mambo ya hewa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na injini ya kabureta inapoteza nguvu. Kwa hivyo msee wa Bungoma mjini akikuambia yake haina shida, mwamini, lakini usichukue jibu lake kama lako.

Nilinunua ya meno 14 pale Bungoma kwa shilingi 350. Nilibeba ile ya zamani mfukoni, maana sproketi mbili zinaweza kufanana kwa macho na bado moja ikatae kuingia kwenye shafti. Linganisha meno ya ndani, unene na saizi ya cheni.

Kufunga si kazi kubwa. Fundi alitoa kifuniko cha kushoto, akalegeza ekseli ya nyuma, akafungua boliti mbili za kile kisahani kinachoshikilia sproketi, akatoa ya zamani, akaingiza mpya. Ikiwa ndogo, cheni inalegea, kwa hivyo gurudumu linavutwa nyuma, alama za pande zote mbili zilingane, cheni ibaki ikicheza sentimita mbili hadi tatu. Kama cheni na sproketi ya nyuma zimeisha, badilisha zote, la sivyo hiyo mpya italiwa upesi.

Sasa ndugu yangu anapanda na gia ya pili pale alipokuwa anarudi ya kwanza. Lakini kama kazi yako ni lami ya Kitale kwenda Webuye siku nzima, sikushauri. Injini italia sana na petroli itaisha haraka.

Na tuambiane ukweli. Siku ya pili tu jamaa ananiambia, "Bro, sasa naweza beba gunia mbili na abiria." Nikamkatalia. Hilo jino limemsaidia kupanda. Akishuka kutoka Kapsokwony na mzigo huo, breki ni zile zile, tairi ni zile zile, na aliyekaa nyuma ni mama wa mtu.

Nduthi yako ina meno mangapi mbele? Fungua kifuniko uhesabu kabla hujasaini karatasi ya mkopo, halafu niandikie hapa chini.