Kapu la Siku Moja Baharini: Familia Ichukue Nini Inapokodi Boti

Sisi wakaazi wa bara ya Mombasa, wa Likoni, Kisauni na Changamwe, tumezungukwa na maji pande nyingi, lakini wengi wetu huyafahamu kwa kuyavuka tu. Wa Likoni huyajua kwa foleni ya feri, wa Kisauni huyatazama kutoka juu ya Daraja la Nyali, na wa Changamwe huyaona kwa mbali kati ya makasha ya bandari. Kuingia chomboni pamoja na watoto, si kwa haja ya kuvuka bali kwa ajili ya kupumzika, ni jambo ambalo familia nyingi hulifanya mara moja kwa mwaka, pengine siku ya pili ya Idi au wakati wa likizo ya shule.

Katika miaka ya karibuni imekuwa desturi nzuri kwa jamaa au akina mama wa mtaa mmoja kuchanga fedha wakakodi boti nzima kwa siku. Faida yake ni stara: chombo chote ni chenu, na hakuna mgeni baina yenu isipokuwa nahodha na msaidizi wake. Boti zinazofaa ni zile pana zenye turubai la kivuli. Huko Marekani, kwenye maziwa yaliyotulia, familia hupenda boti za sakafu bapa zinazoelea juu ya maboya marefu mawili. Maboya ya namna hiyo si mageni Mombasa. Daraja la kwanza la Nyali, lililojengwa mwaka 1931, lilielea juu ya maboya, na mwaka 2021 watembea kwa miguu walianza kuvuka kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, Likoni, kwa daraja la kuelea. Chombo cha sakafu bapa hupendeza penye maji matulivu, nayo maji hayo tunayo ndani ya mikono ya bahari, hasa ule wa Tudor, unaopita chini ya Daraja la Nyali ukaingia ndani kati ya Kisauni upande mmoja na Mikindani na Jomvu upande wa pili, mikoko ikiwa imeupamba kulia na kushoto.

Kabla ya kapu, tuanze na siku

Kitu cha kwanza cha kuandaa hakitiwi kapuni, nacho ni siku yenyewe. Waislamu tuna bahati katika jambo hili, kwani kalenda yetu ya mwezi mwandamo ndiyo kalenda ya maji. Siku chache baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, huwa ni bamvua. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo chini ya daraja huwa na nguvu. Siku hizo, katika pwani ya Mombasa, maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Karibu na tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 25 za mwezi, huwa ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa huwa kama mita moja tu, na mkondo ni mpole. Kwa familia yenye watoto wadogo na wazee, maji mafu ndiyo salama zaidi.

Mkichagua bamvua kwa sababu ya likizo, ondokeni maji yanapoanza kujaa, na mgeuze chombo kabla hayajaanza kupwa. Atakayechelewa ndani ya mikoko siku ya bamvua huenda akakaa juu ya tope saa kadhaa akingoja maji yarudi, na watoto wakaanza kulia kwa kiu. Vilevile, kuanzia takriban Mei hadi Septemba ni msimu wa kusi, na bahari ya nje ya mwamba huchafuka. Wakati huo bakieni ndani ya mkono wa bahari. Ulizeni pia njia mtakayopita: mlango wa Kilindini ni barabara ya meli kubwa na feri, wala si mahali pa boti ndogo kuzurura.

Jaketi la kuelea kwa kila nafsi

Hili litangulie chakula na mapambo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi, karibu kabisa na ufuo, na zaidi ya watu 250 wakafa. Nyumba nyingi za Likoni na Mtongwe zingali na jina la mtu aliyekwenda na maji siku ile. Waliokufa walikuwa wakielekea kazini na shughulini katika safari ya dakika chache tu. Kwa hivyo hoja ya kwamba "hapa ni karibu" au "maji yametulia" isikubaliwe na mama yeyote.

Muulize nahodha maswali matatu kabla hujatoa arubuni: chombo kimesajiliwa kubeba watu wangapi, kina jaketi ngapi za watu wazima, na kina jaketi ngapi za watoto. Mtoto mchanga naye ni mtu, ahesabiwe. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto, kwa kuwa likiingia majini hupanda juu na yeye huchopoka chini yake. Njia ya kulipima ni nyepesi: mvishe, mfunge kamba zote, kisha umwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Ikiwa mwenye boti hana jaketi za watoto, azimeni au kodini kwingine, au ahirisheni safari.

Liko jambo linalowafanya baadhi ya dada zetu wavue jaketi mara tu chombo kinapoondoka: huona linabana mwili na kudhihirisha umbo. Haya hiyo ni njema na haifai kudharauliwa, na dawa yake iko katika mavazi. Vaa nguo pana ya kitambaa chepesi, ushuke mtandio mpana hadi kifuani, kisha uvae jaketi juu ya vyote na kufunga kamba. Chagua jaketi la ukubwa wa kutosha tangu nchi kavu. Usilivae ndani ya buibui wala usilifunike kwa leso iliyofungwa kiunoni, kwani nguo ikilowa itakuzonga, na atakayekuja kukuvuta hatapata pa kushika. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria yetu.

Mavazi

Buibui zito la kitambaa kinachonyonya maji liache nyumbani. Vaa lililo jepesi, lisiloburura chini, lenye mikono isiyopwaya, na ndani yake suruali pana, ili kupanda na kushuka chomboni kusikusumbue. Ushungi ufungwe vizuri, kwani upepo wa baharini haumstahi mtu. Wanaokaa nyuma karibu na injini waangalie ncha za nguo na mitandio zisifikie rafadha.

Kila mtu awe na nguo moja ya kubadilisha, na leso mbili zaidi: moja ya kujifutia, nyingine ya kutanda au ya kumfunika mtoto aliyelala. Chukueni viatu vya mpira vinavyoshika mguu. Penye mikoko pana kombe zilizoganda juu ya mizizi, nazo hukata kama wembe, na penye miamba pana viumbe wenye miiba. Ndara hubaki topeni, na makubadhi huharibika kwa maji ya chumvi. Kofia za watoto na mafuta ya kukinga jua visisahauliwe, maana jua la baharini huchoma mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji.

Maji na chakula

Wekeni si chini ya lita mbili za maji ya kunywa kwa kila mtu mzima, na zaidi kidogo kwa ajili ya dharura. Yatieni kwenye madumu au chupa za kudumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, zikiwemo chupa za maji, sahani, vijiko na mirija. Sheria hiyo huwahusu wanaokwenda kutazama matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyo mbele ya Nyali na Bamburi. Mkipanga kuingia humo, lipeni ada ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mapema, mje na risiti. Mifuko ya plastiki ilikwisha katazwa nchi nzima tangu Agosti 2017, basi kapu la ukili lirudi kazini.

Katika vyakula, kanuni ni moja: cha nazi kibaki nyumbani. Mbaazi za nazi na wali wa nazi ni vitamu, lakini katika joto la mchana huchacha kabla ya adhuhuri kupita. Chukueni vikavu: mahamri, sambusa zilizopoa kabla ya kufunikwa, viazi karai, mayai ya kuchemsha, mkate wa sinia, tende, ndizi na machungwa yaliyokwisha menywa. Achari na ukwaju vitiwe kwenye mikebe inayofunga barabara. Chai ya maziwa nayo haina subira. Afadhali chai kavu ya tangawizi, ambayo huwatuliza pia wanaochafukwa na roho chomboni. Mwenye tabia hiyo ale kidogo kabla ya kuondoka, akae katikati ya chombo, atazame mbali, wala asitazame simu.

Swala

Boti ndogo haina choo, basi kila mmoja amalize haja yake nchi kavu, na mkubaliane na nahodha mahali pa kushuka adhuhuri. Safari ya ndani ya mkono wa Tudor haifikii masafa ya kupunguza swala. Adhuhuri na Alasiri zitasaliwa kamili kwa nyakati zake. Maji ya bahari yanafaa kwa udhu, kwa hivyo msitumie maji ya kunywa.

Kibla nacho ni chepesi kukijua. Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Mombasa, ndiyo maana wazee wa Pwani wakisema upande wa kibla humaanisha kaskazini. Dira ndogo, au ile ya simu, inatosha. Ni bora kusali nchi kavu juu ya msala. Isipowezekana, chombo kitiwe nanga kwanza na injini izimwe. Awezaye kusimama asimame, na anayehofia kuanguka au kizunguzungu asali kwa kukaa. Mwenye haja ya ufafanuzi zaidi amuulize sheikh wa mtaa wake kabla ya siku yenyewe.

Mkoba mdogo usiolowa

Pamoja na kapu, kuwe na mkoba mmoja usioingia maji, ukae mikononi mwa mtu mzima aliyetulia. Ndani yake mtie simu iliyojazwa chaji na kufungwa kwenye mfuko wake wa kuzuia maji, dawa za mwenye pumu au kisukari, bandeji na dawa ya vidonda, mahitaji ya kike, filimbi, tochi na fedha kidogo. Filimbi ni kitu cha shilingi chache, lakini sauti yake hufika mbali kuliko ukelele wa mtu aliyechoka. Namba za dharura ni 999 na 112.

Jambo la mwisho liachwe nyumbani kwa makusudi, nalo ni karatasi. Mwandikie jamaa aliyebaki: jina na nambari ya boti, simu ya nahodha, idadi ya waliopanda wakubwa kwa wadogo, mahali mnapokwenda na saa ya kurudi. Mwambieni kwamba ikipita saa moja baada ya wakati huo bila ya habari, apige simu. Kazi hii haichukui dakika tano, nayo ndiyo inayowaonyesha waokoaji pa kuanzia.

Na siku ikiisha salama, taka zote zirudi na kapu: maganda, nepi za watoto, na hata kamba ya kufungia. Mikoko ile ndiyo kitalu cha samaki na kamba wanaouzwa sokoni kwetu, na tope lake halisahau kinachotupwa. Kabla hamjapanda, hesabuni watu. Mkishuka, wahesabuni tena. Msitwekwe na furaha mkaacha dua ya safari wakati wa kuondoka. Mwenyezi Mungu awape siku njema na awarejeshe nyote majumbani kwenu kwa salama, inshallah.