Usilie, Ni Pasaka

"Usilie mwaya, hiki ni kipindi cha Pasaka." Hayo nilimwambia mwenzangu wa chumbani nikidhani namfariji. Akajibu, "Sawa," akageukia ukutani. Kwa siku nne hatukuongea zaidi ya "umefunga mlango?"

Mama yake alifariki Jumatano ya Juma Kuu. Kwaresima nzima alikuwa amefunga, akimwombea apone. Aliporudi chuo mimi bado nilikuwa na Mkesha wa Pasaka kichwani: moto nje ya kanisa, Mshumaa ukiingia gizani, Aleluya iliyokaa kimya Kwaresima yote. Halafu mimi ni mwanakwaya, sauti ya pili. Kwa msomaji asiye Mkatoliki: Pasaka kwetu si siku moja, ni siku 50 hadi Pentekoste. Mimi nilizichukua siku hizo kama amri ya kufurahi.

Dominika ya Tatu ya Pasaka, kwa kuwa tuko Mwaka A, ikasomwa Injili ya Luka kuhusu wafuasi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau. Nimeisikia tangu utotoni, ila safari hii niliisikia kama mwalimu mtarajiwa. Kwenye andalio la somo tunafundishwa kuanza na yale ambayo mwanafunzi tayari anayajua. Yesu naye anaanza hivyo. Anawakuta na huzuni, anauliza wanaongea nini. Wanashangaa kwamba hajasikia yaliyotokea Yerusalemu. Yeye ndiye yaliyompata, lakini bado anauliza: mambo gani? Anawaacha wasimulie msalaba, kaburi, na jinsi walivyokuwa wakitumaini. Mimi nasomea kufundisha Kiswahili, kwa hiyo kitenzi kile kilinigusa: matumaini yao yako kwenye wakati uliopita. Kuwakemea na kuwafafanulia Maandiko kunakuja baadaye. Mkate unamegwa mwisho kabisa.

Tena wale wawili walikuwa wanaiacha Yerusalemu, safari ya kilometa kama 11. Yesu hakuwasimamisha njiani ili awageuze. Alitembea nao upande uleule waliokuwa wanaelekea.

Mimi nilikuwa nimeanza na hitimisho.

Jioni ile sikwenda mazoezi ya kwaya. Nilibandika wali kwenye lile jiko ambalo mlezi wa hosteli hajui kama lipo, nikamuuliza, "Hivi mama alikuwaje?"

Alinitazama kidogo, kisha akaanza. Mama alikuwa anauza vitumbua stendi, na kabla ya bumu ndivyo vilivyomsomesha. Alikuwa mhazini wa jumuiya. Alikuwa hakosi msiba wa mtu. Halafu likatoka lililokuwa limemkaba: walimzika Jumamosi Kuu, na siku hiyo hakuna Misa ya mazishi. Yalisomwa masomo, zikasaliwa sala, wakaenda makaburini.

"Mama amehudhuria Misa za mazishi za mtaa mzima," akasema. "Yake haikuwepo."

Utaratibu naujua. Tangu Alhamisi Kuu mpaka Dominika ya Pasaka yenyewe, Misa ya mazishi haiadhimishwi, awe nani aliyefariki. Nilitaka kumweleza. Nikaufunga mdomo, maana hakuwa ameniuliza utaratibu. Wali ukashika chini, tukala na ukoko wake. Saa nne usiku nikamuuliza kama angependa twende wote kwa padre mlezi.

Padre alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia Misa ya kumwombea mama inaweza kuadhimishwa sasa, akaandika jina kwenye daftari la nia. Jumatano jioni tulikuwa watu saba kanisani, bila kinanda. Mshumaa wa Pasaka ulikuwa unawaka karibu na altare, uleule wa Mkesha, umeshapungua kimo. Mwenzangu alilia tangu ishara ya msalaba hadi baraka ya mwisho. Sikumwambia anyamaze.

Dominika bado haji kanisani, nami simsukumi. Nikirudi huwa namkuta amechemsha chai. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, alinimiminia kikombe akaniuliza leo padre amehubiri nini.