Mega za Mjomba: Firefox na Thunderbird kati ya Liège na Buyenzi

Miongozo ya Linux inayoandikwa Ulaya huchukulia kwamba umeme upo na intaneti haihesabiwi, na dhana hiyo, ambayo mkazi wa Liège nchini Ubelgiji hata haioni, ndiyo inayomkera Mrundi wa ughaibuni kila anapompigia simu mjomba wake wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kumwelekeza namna ya kuweka Firefox, kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, pamoja na Thunderbird, programu ya kupokelea barua pepe.

Huko ng'ambo kazi hiyo haina jasho. Jandarmeria ya Ufaransa ilianza kutumia Firefox na Thunderbird mwaka 2006, na kuanzia 2008 ikahamishia kompyuta zake kwenye Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, bila kumtaka kila askari awe fundi. Katika nyumba ya kupanga ya Liège, mpwa hubofya mara moja, na maji ya chai hayajachemka kivinjari kimeshafunguka. Hajui kimekula megabaiti ngapi, wala hana sababu ya kujua.

Kero ilizidi mwaka 2022, pale Ubuntu 22.04 ilipoacha kutoa Firefox kama kifurushi cha deb, ambacho hutegemea maktaba zilizomo tayari kwenye mfumo, ikaitia ndani ya snap, kifurushi kinachobeba karibu kila kitu kinachohitajika. Thunderbird nayo ikafuata katika toleo la 24.04. Snap ya Firefox huzidi megabaiti 200, na kwa kawaida mfumo wake huulizia matoleo mapya mara nne kwa siku na kuyapakua bila kubisha hodi. Kwa mtu wa Bujumbura anayenunua mega kwa kipimo, huo ni wizi wa adabu. Amri ya `sudo snap refresh --hold` huusimamisha, ingawa njia ya Buyenzi ni nzuri zaidi: faili la deb hupakuliwa mara moja kwa mwenye mtandao wa maana, likapita kwa flashi nyumba hadi nyumba, kisha `sudo apt install ./` ikifuatiwa na jina la faili humaliza kazi, mradi maktaba linazozitegemea zimo.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, hasa kwa laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilikufa zamani, kifurushi hubaki nusu na apt, programu ya kuweka vifurushi, hugoma kuweka kingine chochote hadi iandikwe `sudo dpkg --configure -a`, amri inayokamilisha vilivyokatizwa. Mashine hizo za mtumba zina ugonjwa mwingine ambao mwongozo wa Ulaya hauutaji kabisa: kibetri cha sarafu kinachotunza saa kikiisha, tarehe huweza kurudi nyuma, na kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina siku ya kuanza na siku ya kwisha, Firefox hukataa kurasa salama na Thunderbird hukataa seva ya barua. Mjomba hulaumu nywila, mpwa hulaumu mtandao, na saa nzima ya simu hupotea kabla yeyote hajaandika `date` kuona kompyuta inadhani leo ni lini.

Barua pepe ndiyo inayoleta ubishi usiokwisha. Mpwa hushikilia IMAP, utaratibu unaoziacha barua kwenye seva, lakini Thunderbird isiporekebishwa hupakua nakala za barua zote, na picha za harusi ya miaka kumi iliyopita huzimaliza mega kabla ya adhuhuri. Mjomba hutaka POP3, inayozishusha barua kwenye kompyuta, akiiwekea sharti la kuleta vichwa tu ili achague mwenyewe ipi inastahili gharama. Mpwa hujibu kwamba hata IMAP inaweza kuzuiwa isitunze nakala, ikaleta tu barua inayofunguliwa. Naye mjomba humrudishia kwamba barua aliyokwisha kuilipia mega jana hana sababu ya kuilipia tena leo.